Je, Wajua? Ngoma, Jukwaa na Mkono wa Mwanamke

Ngara, mkoani Kagera, ni wilaya yenye milango miwili. Ukiteremka Rusumo ukavuka daraja la mto Kagera, umeingia Rwanda. Ukishika njia ya Kabanga, umeingia Burundi. Je, wajua kwamba ukiuliza kama mwanamke anaruhusiwa kupiga ngoma, kila mlango utakupa jibu lake?

Tuanze na Kabanga. Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitia saini amri iliyowakataza wanawake kupiga zile ngoma kubwa za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Amri hiyo haikuwagusa wanawake peke yao. Ngoma zisipigwe nje ya sherehe rasmi bila kibali cha wizara, na anayezitaka kwenye shughuli yake alipe faranga 500,000 za Burundi. Wanawake waliachiwa kucheza ngoma zao za kike pembeni, kuwasindikiza wapigaji.

Kinachoshangaza ni kwamba ngoma yenyewe imeumbwa kama mwanamke. Vile vijiti vinavyoishikilia ngozi huitwa amabere, yaani matiti. Kuna na sehemu iitwayo urugori, jina la utepe wa bua la mtama ambao mama aliyezaa hujivika kichwani kwa heshima. Mhangaza wa Ngara hahitaji mkalimani hapo, maana Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Mwanamke amechongwa kwenye mti, amesifiwa kwa kila kiungo, kisha akaambiwa asiguse.

Sasa mlango wa Rusumo. Rwanda nako ngoma ilikuwa ya wanaume, na hakukuwa na haja ya amri, kwa kuwa mila ilitosha. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese, mwandishi wa tamthilia na mwigizaji, akaanzisha mjini Butare, ambao leo huitwa Huye, kikundi cha wapigangoma wanawake pekee. Kinaitwa Ingoma Nshya. Miaka kumi kabla yake, mwishoni mwa Aprili 1994, daraja hilohilo la Rusumo lilikuwa limevusha watu wapatao 250,000 kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia. Katika kikundi cha Katese walikaa bega kwa bega wajane na yatima wa mauaji ya kimbari ya mwaka huo wa 1994 pamoja na wanawake ambao waume zao au ndugu zao walituhumiwa kuua. Mwaka 2010 wakafungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, katika mji ambao wengi hawakuwahi kuilamba. Kuna filamu juu yao ya mwaka 2012, *Sweet Dreams*. Binafsi naona aiskrimu ile imewasumbua wenye mila kuliko hata ngoma: mwanamke anayepiga ngoma jioni na asubuhi ana duka lake si rahisi kumwambia aombe ruhusa.

Je, wajua kwamba kitendawili hichohicho kimo katika sanaa za jukwaa za India, tena tangu kitabu cha kwanza? *Natya Shastra*, maandiko ya kale juu ya dansi na maigizo yanayonasibishwa na mwenye hekima Bharata, yana kisa chake. Bharata alikuwa na wanawe mia moja wa kiume tayari kuigiza. Ilipofika kwenye mtindo wa madaha na mapenzi, mambo yakakwama, kwa kuwa wanaume peke yao hawakuuweza. Ikabidi mungu Brahma aumbe wachezaji wa kike wa mbinguni, waitwao apsara, ndipo mchezo ukakamilika.

Ungedhani baada ya hapo jukwaa lingekuwa la wanawake. Wapi! Kathakali ya Kerala, ile dansi ya nyuso zilizopakwa rangi ya kijani na sketi pana kama mwavuli, ilichezwa na wanaume hata katika nafasi za malkia na wachumba. Kuchipudi ya Andhra ndiyo kabisa: Vedantam Satyanarayana Sarma, aliyefariki 2012, alijipatia sifa India nzima kwa kuigiza wanawake, hasa Satyabhama, mke wa Krishna mwenye wivu na majivuno. Mwaka 1975 wanawake wa mji wa Tripunithura wakaunda kundi lao la kathakali, wakachukua nafasi zote, za mashetani na wababe zikiwemo.

Bharatanatyam ilikwenda kinyume. Hiyo ilikuwa mali ya wanawake, madevadasi waliokuwa wakfu wa mahekalu ya kusini. Wakoloni na wanamageuzi wakaona ni aibu, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku desturi ya kuwaweka wakfu wasichana. Kabla ya hapo Rukmini Devi, binti wa Kibrahmini, alikuwa ameshaicheza hadharani mwaka 1935 na kufungua shule ya Kalakshetra mwaka uliofuata. Dansi ikaokoka, ikavaa hariri, ikaingia kwenye kumbi za watu wenye heshima. Wenyewe walioitunza karne kwa karne wakabaki nje ya mlango, isipokuwa wachache kama Balasaraswati, aliyegombana waziwazi na mawazo ya kuitakasa. Rukmini Devi anastahili sifa, lakini sifa hiyo ina deni.

Na mikono? Mwanafunzi wa bharatanatyam hukariri ishara 28 za mkono mmoja kabla ya kuruhusiwa kusimulia chochote. Ipo ya bendera, ipo ya kichwa cha paa. Huku kwetu, wanawake wa Rwanda wanapocheza hunyoosha mikono juu ikajipinda kidogo, na kila mfugaji anajua hizo ni pembe ndefu za ng'ombe.

Mchezaji dansi wa India, Mrinalini Sarabhai, alizitumia ishara hizohizo za bharatanatyam kwa jambo lisilo la miungu. Katika miaka ya 1960, baada ya habari za wanawake vijana waliokuwa wakijiua huko Saurashtra, alitunga dansi juu ya mwanamke anayebanwa na ndoa hadi kufa. Dada yake, Lakshmi Sahgal, alikuwa daktari aliyeongoza kikosi cha wanawake askari dhidi ya Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Nyumba hiyo haikuwa na mtu wa kukaa kimya.

Kimya hakikumfaa Siti binti Saad pia. Mwimbaji huyu, aliyekuwa muuza vyungu wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akatorokea bara, na walioteswa na mahakama wakawa mashahidi.

Bara, kalamu ilishikwa na Penina Muhando. Tamthilia yake *Nguzo Mama* ya mwaka 1982 inawaweka wanawake wa kijiji cha Patata wakihangaika kusimamisha nguzo, na nguzo inawashinda. Wako waliomlaumu kwa kukatisha tamaa. Mimi namshukuru hakudanganya. Miaka hiyohiyo yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Usukumani, wakaketi na vijana, mabinti wakiwamo, kujadili shida zao kwa wigashe, ngoma ambayo Wasukuma huicheza wameketi. Wilayani Biharamulo, hukuhuku Kagera, ambako Wasukuma wamehamia kwa wingi na ng'ombe wao, wigashe haihitaji maelezo.

La mwisho nalo ni la mkoa huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli wa Kagera aliimba wimbo wa "Maria Salome", na nchi nzima ikacheza. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua, wakautoa upya kwa jina la "Salome". Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kukubishia kwamba ni wa Diamond. Mjaribu wa Kagera uone: atakutajia Saida kabla hujamaliza swali.