Madeni yakikulemea, chagua wakili kwa makini

MKULIMA wa miraa Meru au muguka Embu aliyelemewa na madeni hana haja ya kukimbilia Nairobi. Mahakama Kuu ina vituo katika miji yote miwili.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, thibitisha kupitia Chama cha Mawakili nchini (LSK) kwamba wakili ana leseni ya mwaka huu. Kisha mkubaliane ada kwa maandishi.

Muulize iwapo ni lazima utangazwe mufilisi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 humruhusu mdeni kuafikiana na wadai. Asiye na mali, mwenye deni la kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, aweza kuomba utaratibu nafuu.

Wakili akikushauri kuhamishia shamba kwa nduguyo, mwepuke: mahakama yaweza kulirejesha kwa wadai.