Klabu za mazoezi Nyasa zipo tayari

Ikitajwa klabu ya mazoezi, wengi huwaza Dar es Salaam na watu wenye fulana za rangi moja wakikimbia alfajiri. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wito ulikuwa mzuri, lakini Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na hiyo kila wiki ndiyo inayotushinda. Anayeanza peke yake huacha upesi. Anayesubiriwa na wenzake huona haya kukosa. Kwa hiyo klabu hufanya kazi ambayo tangazo haliiwezi, na mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, una klabu ambazo wapanga mipango hawazihesabu: vikundi vya ngoma za mganda na kioda.

Mganda una undugu na beni, ngoma za enzi ya ukoloni zilizoiga gwaride la kijeshi. Wanaume hujipanga mistari, kaptula na soksi nyeupe, magoti yakikunjwa na kunyooshwa kwa mdundo mmoja, na vijiji hushindana. Kioda ni ya akina mama. Kushindana kunadai kujifua, na kujifua kunarudiwa. Mpira nao ni mazoezi ya kundi: Peter Krustrup na wenzake wa Denmark walionyesha mwaka 2009 kwamba wanaume wasiozoea mazoezi, wakicheza soka mara 2 au 3 kwa wiki kwa wiki 12, shinikizo lao la damu hushuka. Ila uwanja wa mpira una umri wake, na mama wa miaka 50 hana namba pale. Kwenye kioda anayo.

Wapo watakaouliza: mkulima wa Mbinga, wilaya jirani ya milimani, anahitaji mazoezi gani zaidi? Swali ni la haki. Katika kilimo cha ngoro cha Wamatengo wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba, kisha wanawake huchimba na kuyafukia kwenye mteremko mkali. Huyo hana haja ya kuhubiriwa. Lakini ngoro ina msimu wake, na si kila mtu analima. Mwenye duka, karani, mwalimu na dereva wa bodaboda hukaa kutwa, na lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, neema isiyo na ubishi, imewapunguzia wengi mwendo wa miguu. Hao ndio walengwa.

Hoja nyingine, ya pombe, ni nzito zaidi, maana mashindano ya ngoma na ulevi huandamana mara nyingi. Lakini mpira nao una walevi wake, na hatujafunga viwanja. Mashindano yafanyike mchana, na zahanati iweke meza ya kupima presha pembeni. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, kiko kwenye makaratasi: ngoma huhesabiwa sanaa, chini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na klabu za michezo ziko chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), hivyo fedha ya michezo hupita kando ya wachezaji hawa. Halmashauri za Mbinga na Nyasa hazina sababu ya kusubiri Dodoma. Zitenge fungu la vikundi hivi katika bajeti ijayo, jezi na mipira vikinunuliwa kama kawaida.