Vita vya Mchezo Juu ya Farasi: Tatizo la Istilahi

Mwanafunzi wa Lubumbashi akutanapo na neno la Kifaransa «tournoi» katika historia ya Ulaya, huelekea kulifasiri kwa «mashindano», kwani ndilo neno lizoeleweklo katika kandanda. Tafsiri hiyo hupoteza kiini cha jambo. «Tournoi» ya karne ya 12 haikuwa mbio za farasi. Ilikuwa vita vya kuigiza, ambamo makundi mawili ya wapanda farasi yalikabiliana kwa mikuki ili kujizoeza vita vya kweli. Jina lenyewe latokana na kitenzi chenye maana ya kuzunguka, kwa kuwa mpandaji humgeuza farasi wake ili amrudie mpinzani. Mchezo huo uliweza kuua: mwaka 1559 mfalme Henri II wa Ufaransa alichomwa jichoni na kibanzi cha mkuki uliovunjika, akafa baada ya siku 10.

Ugeni wa jambo hili huko Katanga una sababu. Mbung'o, nzi aenezaye malale kwa watu na nagana kwa wanyama, alimzuia farasi kustawi katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati. Wapiganaji wa Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891, walitegemea miguu yao na bunduki.

Hata hivyo, si sawa kudhani kwamba mchezo wa namna hii ni mali ya Ulaya peke yake. Katika nyanda za juu za Ethiopia, ambako baridi humpunguza mbung'o, palikuwa na gugsi. Kundi moja la wapanda farasi lilikimbia, na jingine lilifuata likirusha fimbo badala ya mikuki; waliokimbia walijikinga kwa ngao za ngozi. Gugsi ilichezwa hasa katika sikukuu, na kwayo vijana walijifunza kurusha, kukwepa na kumwongoza farasi katika mwendo wa kasi. Heshima ya farasi ilikuwa kubwa hata shujaa akaitwa kwa jina la farasi wake: Menelik II, mshindi wa Adwa mwaka 1896, aliitwa pia Abba Dagnew, yaani «baba wa Dagnew».

Kiswahili hakikosi nyenzo za kulieleza jambo hili. «Farasi» ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa «feres» la Kiamhari. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, wasimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Mashariki, na msamiati wa tandiko, hatamu, mkuki na ngao umo katika lugha tangu zamani. Kinachokosekana ni jina moja linalokubaliwa.

Istilahi ifaayo yapasa kubeba mambo matatu: farasi, vita, na mwigo. «Mashindano ya farasi» yaacha mawili ya mwisho, na msikilizaji hufikiria mbio. «Vita vya mchezo juu ya farasi» ni fungu refu, lakini lina yote matatu, nalo latosha kwa «tournoi» na kwa gugsi vilevile. Mwalimu alitumiapo, mwanafunzi huelewa kwa nini mfalme aliweza kufa mchezoni.