Ua wa Miti Hai, Sitara ya Nyumba

Katika Kirundi na Kinyarwanda, neno urugo ni ua unaoizunguka nyumba, na neno hilo hilo ni jina la nyumba yenyewe pamoja na watu wake. Wazee hawakuona haja ya kuyatenganisha. Siku hizi mwenye fedha hujenga ukuta wa matofali, na asiyekuwa nazo hubaki peupe, wapita njia wakihesabu sufuria zake. Kati ya hao wawili yuko yule aliye tayari kungoja miaka mitatu au minne, na kwa ajili yake nayaandika haya.

Mti wa kwanza kumjia mtu akilini ni mnyaa, ambao Wanyarwanda huuita umuyenzi. Hauna madai: kata tawi, liache kivulini siku chache hadi jeraha likauke, kisha lichomeke ardhini, nalo litashika hata penye kokoto. Lakini utomvu wake mweupe ni adui wa macho. Tone moja likiruka jichoni huleta maumivu makali, na mtu aweza kukosa kuona kwa muda. Aliyepatwa na msiba huo aoshwe jicho papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Asitiwe maziwa wala dawa ya kienyeji. Penye watoto wachezao kwa fimbo, mimi siushauri mnyaa karibu na nyumba. Na ukae mpakani mwa shamba.

Msipresi, ambao baadhi ya watu huuita mti wa Noeli, hupendeza sana katika nyanda za baridi. Hata hivyo watu wa makamo wanakumbuka yaliyotokea. Vidukari vya msipresi vilionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 vilikuwa vimeingia Kenya, baada ya kuzipitia nchi zetu za maziwa makuu. Nyua zilizokuwa kijani kibichi mwaka mzima ziligeuka rangi ya kutu, zikafa. Isitoshe, tawi la msipresi likikatwa hadi mahali pasipo na majani, halichipui tena. Panga likipita kiasi, tundu hubaki milele.

Basi chaguo langu ni mti wa miiba ambao Kenya huitwa kayaba. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Majani yake hayapukutiki, huvumilia kiangazi, na miiba yake ni mirefu kama kidole. Kuku hapiti, sembuse mwizi! Usichokipenda ni maji yanayotuama.

Mbegu hutolewa katika tunda lililoiva, zikaoshwa utelezi, zikakaushwa kivulini na kuatikwa. Miche ihamishwe mvua zinapoanza. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kina mzunguko wa mita 90. Toa mita 3 za lango, zabaki 87. Kwa mche mmoja kila sentimita 30, utahitaji miche 290. Atika 330, kwani mingine itakufa.

Chimba mtaro mmoja mrefu badala ya mashimo, uchanganye udongo na samadi iliyooza. Na mtaro huo uwe ndani ya mpaka wako kwa mita nzima. Najua kiwanja ni kidogo na mita moja inauma. Lakini ua uliokomaa hunenepa kupita mita moja, mizizi yake hunyonya maji ya maharage ya jirani, na upande wa nje nao unahitaji kukatwa. Mambo kama hayo ndiyo yanayowafikisha watu mbele ya bashingantahe. Kabla ya kuchimba, mwite jirani aione kamba uliyoivuta.

Kazi inayowashinda wengi ni kuukata ua ungali mchanga. Mtu amengoja mwaka mzima, miche imefika magotini, halafu aambiwe aikate nusu! Aikate tu. Isipokatwa hupanda juu ikaacha miguu mitupu, na mbwa hupita chini kama mlangoni. Baada ya hapo, kila chipukizi likirefuka shibiri moja, punguza juu na ubavuni, chini pakiwa papana kuliko juu ili jua liyafikie majani ya chini. Kimo cha mita mbili chatosha. Matawi yaliyokatwa yaokotwe siku ile ile, maana watoto hutembea peku.

Mti huu una dume na jike, na jike peke yake ndiye azaaye. Anayetaka matunda na aache pembeni jike mmoja asiyekatwa, dume akiwa jirani. Tunda ni la manjano, chachu mno kuliwa hivi hivi, ila likipikwa kwa sukari nyingi hutoa jamu nzuri ya kupaka mkate.