Moto Hauondoi Kitu

Mkaa wa jiko zima ukiungua hadi mwisho, kinachobaki ni jivu la kujaza kiganja. Wahenga walisema moto huzaa jivu, lakini ukiuliza mizani itakwambia kwamba jivu ni mtoto mdogo kabisa wa moto. Wakubwa wamekwisha kupaa bila kuonekana. Kilo moja ya kaboni tupu ikiungua kikamilifu huchukua hewani kilo 2.67 za oksijeni, na huzaa kilo 3.67 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo kilichotoka jikoni ni kizito kuliko mkaa wenyewe. Hakuna kilichoangamia, na hakuna kilichoumbwa upya.

Jambo hili lilichelewa kukubalika kwa sababu gesi haionekani wala haishikiki. Katika karne ya 18 wakemia wengi wa Ulaya, wakimfuata Mjerumani Georg Ernst Stahl, walishikilia kwamba kila kiunguacho hutoa kitu walichokiita flojistoni. Kuni ziliwaunga mkono, maana hupungua zikiungua, lakini metali ziliwaumbua: bati likichomwa mpaka likawa unga, uzito wake huongezeka. Mkemia Robert Boyle aliliona ongezeko hilo karne moja kabla, akadhani chembe za moto zimepenya kioo na kuingia ndani ya metali. Tatizo ni kwamba alikifungua chombo kabla ya kukipima. Mwaka 1774 Antoine Lavoisier wa Paris alilifungia bati ndani ya chombo cha kioo, akakipima, akakipasha moto, kisha akakipima tena kikiwa bado kimefungwa. Uzito ulikuwa ule ule, hivyo dhana ya chembe za moto ikaporomoka. Alipokifungua, hewa ya nje iliingia kwa kasi, na uzito ukapanda kwa kiasi kilicholingana na kile ambacho bati liliongezeka. Metali ilikuwa imemeza sehemu ya hewa. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 Lavoisier aliifanya kanuni hii kuwa msingi wa kemia: katika kila mmenyuko, tungamo la vitu vilivyoingia ni sawa na la vitu vilivyotoka. Baadaye nadharia ya atomu ilieleza sababu yake: mmenyuko hupanga atomu upya tu, hauziui wala hauzizai.

Msomaji anayemkumbuka Albert Einstein anaweza kupinga kwamba tangu mwaka 1905 tunajua tungamo na nishati vinahusiana, hivyo mkaa unaotoa joto lazima upoteze kitu. Pingamizi hilo ni sahihi, ila kiasi chenyewe ni kidogo mno. Gramu 12 za kaboni zikiungua hutoa takriban kilojuli 394 za joto, ambazo kwa hesabu ya Einstein ni sawa na sehemu nne hivi za bilioni za gramu moja. Mkemia Hans Landolt, aliyetumia miaka mingi kupima mimenyuko ndani ya vyombo vilivyofungwa, hakupata tofauti iliyozidi makosa ya mizani yake. Kwa jiko, kiwanda na maabara ya shule, kanuni inasimama.

Mwingine atasema haya ni mambo ya darasani. La hasha. Anayechoma taka nyuma ya nyumba anaamini amezimaliza, kumbe amezihamisha tu: kaboni ya plastiki imekwenda hewani, pengine pamoja na masizi na sumu zitakazovutwa na jirani. Risasi iliyomo ndani ya betri haiteketei kwa moto wowote wa jalalani. Kila atomu yake itabaki katika jivu, udongo au moshi. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja, lakini ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ya ukaa. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kwamba taka fulani zimeteketezwa, swali la kwanza la kuuliza liwe moja: zimekwenda wapi?