DAWA YA KUZIBIA INJINI: KIDOGO CHATOSHA

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Maneno hayo ni ya kweli kwa injini pia, kwa maana oili ikivuja siku nyingi bila kuangaliwa, chuma husagana na chuma mpaka mashine ikaharibika kabisa. Lakini liko kosa la pili ambalo wenye mashine hawalitambui upesi, nalo ni kuziba kupita kiasi.

Mvua ya masika ikaribiapo, matrekta ya Kitale hulima mchana kutwa. Kule Bungoma nako, mashine za kusaga mahindi hazipumziki, wala matrekta yavutayo miwa. Trekta likilala siku chache wakati huo, shamba huchelewa kupandwa, na mahindi yaliyochelewa hayazai sawasawa. Ndiyo sababu mwenye trekta humharakisha fundi, na fundi naye, apate kumridhisha, hupaka dawa tele ili oili isivuje tena.

Gasketi ni kipande cha karatasi ngumu, cha mpira au cha bati laini, kilichokatwa kwa umbo la vyuma viwili vinavyokutana. Kwa macho vyuma hivyo vimelingana. Lakini vina mabonde madogo sana, na oili yenye moto ni nyepesi, hupenya humo. Mahali pengine, kama vile kwenye sampu, watengenezaji wengi huagiza dawa ipakwe badala ya gasketi. Dawa hiyo ndiyo mafundi waiitayo silikoni.

Silikoni ya namna hii haigandi kwa joto la injini, kama watu wengi wadhanivyo, bali kwa unyevu uliomo hewani. Kwa hiyo utando wa juu huwa mgumu kwanza, na unyevu hupenya ndani polepole. Ikipakwa nene, ndani yaweza kubaki mbichi hata siku ya pili.

Je, dawa iliyozidi huenda wapi? Bolti zikikazwa, hubanwa ikatokea pande mbili. Ile ya nje huonekana. Ile ya ndani haionekani. Hukauka ikining'inia, kisha hukatika vipande vipande na kuanguka ndani ya sampu. Humo pampu ya oili hunyonya kupitia kichujio cha waya, na vipande hivyo hukiziba kama majani yazibavyo mfereji. Oili haipandi tena, beringi huungua, na injini hukwama. Hivyo mtu aliyetaka kuokoa matone ya oili hupoteza injini nzima.

Basi kazi ifanywe kwa utaratibu huu.

Kwanza, gasketi na dawa ya zamani iondolewe yote, kwa kifaa kisichokwaruza chuma, hasa ikiwa ni alumini. Takataka zisiachwe kuanguka ndani.

Pili, nyuso zote mbili zifutwe kwa dawa ya kuondoa mafuta, kisha zikauke. Silikoni haishiki penye oili.

Tatu, upakwe mstari mmoja mwembamba usiokatika, wa milimita 2 au 3, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Dawa isiingie katika matundu yenyewe. Tundu lisilotokea upande wa pili likijaa, bolti ikazwapo yaweza kupasua chuma.

Nne, vyuma viunganishwe kabla utando haujashika, yaani katika dakika 10 hivi. Bolti zikazwe kidogo kidogo, kwa kupishana, kwa nguvu iliyoagizwa na mtengenezaji.

Tano, maelezo ya tyubu yafuatwe. Dawa nyingi hutaka muda wa saa 24 kabla ya kutia oili na kuwasha injini.

Zipo sehemu ambazo silikoni haifai kabisa. Isitumiwe kwenye gasketi ya silinda hedi, kwa kuwa haiwezi kuhimili moto na msukumo wa humo. Isitumiwe penye petroli, maana petroli huilainisha na kuitoa. Na gasketi mpya ambayo mtengenezaji ameagiza ifungwe kavu, ifungwe kavu.

Mwenye mashine naye ana wajibu wake. Fundi anayesema, "Trekta lilale hapa mpaka kesho," si mvivu. Huenda ndiye aijuaye kazi. Afadhali kukosa siku moja ya kulima kuliko kukosa trekta msimu mzima. Na fundi akimaliza, heri mwenye mashine atazame ukingo wa sampu: akiona dawa nene imefurika nje pande zote, ajue ya kwamba ndani nako imefurika, naye aombe ifunguliwe kabla injini haijawashwa.