Utangulizi: Usiulize Umri, Uliza Namba

Wengi huingia katika taaluma ya kufufua kompyuta za zamani wakiwa wamebeba kompyuta iliyowashinda. Ni Dell Latitude, HP au ThinkPad ya mtumba, iliyomaliza kazi katika ofisi ya ughaibuni, ikashushwa Kariakoo na kuuzwa kwenye duka la Mtaa wa Aggrey au Msimbazi. Ilianza vizuri. Leo inawaka kwa kujikokota, fundi ameipiga Windows zaidi ya mara moja, na kila akiipiga inarudi kulekule. Juu ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inazikataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Mwenye mali anaambiwa anunue nyingine.

Kabla hajanunua, namkaribisha humu, yeye na fundi wake. Kinachofundishwa ni jinsi ya kuifanya kompyuta ya zamani ifanye kazi za kila siku, yaani kuandika barua, kuchapa, kuingia mtandaoni na kutunza hesabu, chini ya Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza Helsinki mwaka 1991 na ambao tangu hapo umeandikwa na maelfu ya watu. Kwa nini haukuzoeleka mitaani kwetu? Sababu ni nyingi, ila mojawapo ni ya kihistoria: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio lilipokuja kulegezwa wengi wetu tulizikuta kompyuta zikiwa na Windows tayari ndani. Tukadhani ndivyo zinavyozaliwa.

Mgeni hushangaa kuambiwa kwamba kwa Linux uzee mara nyingi ni faida. Kompyuta haifanyi kazi kwa sababu ni mpya. Inafanya kazi kwa sababu kila kipande chake kina draiva, yaani programu ya kukiendesha, na draiva huandikwa na mtu aliyekielewa kipande hicho. Kipande kilichokaa ofisini kwa mamilioni ya watu miaka kumi kimeshaeleweka. Ndiyo maana ThinkPad ya 2012 yenye chipu ya picha ya Intel huwaka na kila kitu chake, huku laptopu ya bei poa iliyotoka boksini jana ikaweza kukosa waifai au sauti. Uzee una kikomo, bila shaka. Kiini cha Linux kiliacha kuzihudumia chipu za 386 mwaka 2012, na Debian 13, mmojawapo wa mifumo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, haisimikwi tena kwenye kompyuta za biti 32. Lakini mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo leo hazijafika huko.

Kwa hiyo swali la kwanza si umri, ni namba ya kipande, maana ndiyo inayokutajia draiva ya kutafuta. Mafundi wa simu wa Msimbazi wanalijua hili bila kusoma kitabu: hawamwulizi mteja simu ni ya mwaka gani, wanafungua, wanaisoma namba juu ya chipu, kisha wanakwenda kutafuta nyingine yenye namba ileile. Kwenye Linux husogezi hata skrubu. Andika amri ya lspci -nn na mashine itakutajia vipande vyake, kila kimoja na namba mbili zenye nukta mbili katikati. Tuseme umeona 14e4:4315. Ya mbele ni ya mtengenezaji, Broadcom. Ya nyuma ni ya kifaa, waifai iitwayo BCM4312, iliyojaa kwenye laptopu za Dell za zama zake. Chipu hiyo haifanyi kazi mpaka ilishwe programu ndogo ambayo mwenyewe hakutoa ruhusa igawiwe, hivyo inabidi kuipakua mtandaoni. Na mtandao ndio unaoutafuta! Dawa yake iko mfukoni: unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, na Linux itaiona simu kama waya wa mtandao wa kawaida. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, Debian hubeba programu za namna hii ndani ya kisimikaji chake pale zinaporuhusiwa kugawiwa. Hii ya Broadcom haimo.

Vifaa vingine vina tabia za kuchekesha. Modemu za Huawei za kuchomeka, zile tulizouziwa na kampuni za simu, hujitambulisha kwanza kama sidii yenye programu ya Windows. Kuna kijiprogramu kiitwacho usb_modeswitch ambacho kazi yake yote ni kuiambia iache kujifanya sidii. Printa ya HP LaserJet 1020, mkongwe wa steshenari nyingi, ikizimwa husahau hata namna ya kuchapa, na ikiwashwa husubiri kompyuta iikumbushe. Ukilijua hilo huihukumu kwamba imekufa.

Programu za ofisini hazina taabu kubwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Leo mrithi wa ukoo huo ni LibreOffice, iliyojitenga mwaka 2010. Lalamiko la steshenari ni kwamba CV ya ukurasa mmoja imefunguka kurasa mbili. Mara nyingi kosa ni la mwandiko: faili limeandikwa kwa Calibri na kompyuta haina Calibri. Weka Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na ukurasa unarudi mmoja. Ila kama duka linaendeshwa kwa programu ya hesabu isiyokubali ila Windows, mwachie mtu Windows yake. Fundi anayelazimisha Linux hapo anajitafutia ugomvi.

Ubishi wa Ubuntu na Mint, mifumo mingine ya Linux, sitauingia. Ni kama wa Simba na Yanga, una raha yake lakini haukuletei waifai. Mwenye pesa ya kifaa kimoja tu anunue SSD, yaani diski ya kasi, ndipo aje kuuliza mengine. Na asifute chochote: Linux huwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa hivyohivyo, diski ikiwa haijaguswa.

Sura ya kwanza inaanza na betri ndogo ya CR2032, ile ya duara inayotunza saa kwenye bodi. Ikiisha, kompyuta huamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita, kivinjari kinazikataa tovuti kwa madai kwamba vyeti vyao havijaanza kutumika, na mwenye mali anaapa intaneti ya Linux ni mbovu. Tazama tarehe kwanza, iko kwenye kona ya kioo.